Sebule ya Pamba na Kompyuta ya Dukani

Mashine yangu ya kurekodia ilikuwa na nafasi nne. Maana yake ni kwamba kwenye kaseti moja ya kawaida ungeweza kurekodi sauti ya kwanza peke yake, ukairudisha mwanzo, ukarekodi ya pili huku unaisikiliza ile ya kwanza, kisha ya tatu na ya nne, na mwisho zote zikasikika pamoja kana kwamba watu walisimama chumba kimoja. Niliachiwa na padre aliyekuwa anarudi kwao kustaafu, pamoja na kipaza sauti kimoja na kisanduku cha chuma cha kutia mwangwi. Alinionyesha mara moja namna ya kuitumia, akanibariki, akapanda gari. Mengine nilijifunza kwa kukosea.

Nilikuwa katekista na mwalimu wa kwaya katika kigango kimoja upande wa Didia. Umeme hatukuwa nao. Mashine niliilisha kwa betri ya gari, niliyoifunga kwenye keria ya baiskeli kila ilipoisha na kuipeleka kuchajiwa. Studio ilikuwa sebule yangu, tena si wakati wote. Chumba cha tofali chenye bati juu kinarudisha sauti kama debe tupu. Lakini msimu wa mavuno ukifika, tukiisha kujaza magunia ya pamba hadi dirishani kungoja wanunuzi, chumba kilinyamaza. Ulipiga kofi, kofi likafa papo hapo. Kwa hiyo kwaya yetu ilirekodi pamba ikiwa ndani. Wanunuzi walipochelewa majirani walinung'unika, na mimi nilishukuru moyoni.

Mke wangu aliligundua hilo. "Wewe unaombea pamba ikose mnunuzi," aliniambia.

"Naombea ikae wiki moja zaidi," nikamjibu. "Ni sala nyingine kabisa."

Mjini Shinyanga nilikuwa na rafiki mwenye duka la redio, kaseti na vifaa vya umeme. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapo hapo mjini, mcha Mungu kwa dini ya mababu zake, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka. Kila asubuhi kabla ya kufungua alikaa chini, akapiga kinanda chake kidogo cha kupuliza kwa mkono, akaimba nyimbo za ibada. Tulijuana kwa sababu ya waya. Nilikwenda kununua waya wa kipaza sauti, akaniuliza wa kazi gani, na nilipomweleza akafunga kaunta nusu na kunikaribisha ndani nione vyombo vyake. Tangu siku ile niliagiziwa chai kila nilipofika mjini. Mimi nilimwita Bhai, yaani kaka kwa lugha ya kwao, yeye aliniita Mwalimu.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea mwisho, ndugu yake alimletea kompyuta kutoka Nairobi, na ndani yake programu ya kurekodia sauti. Ndani ya programu hiyo kubwa zilichomekwa programu nyingine ndogondogo: ya mwangwi, ya kupunguza mvumo, ya kukuza besi, ya kupandisha na kushusha sauti. Kila moja ilifanya kazi ya sanduku zima la chuma, ila haikuwa na uzito wala haikuingia vumbi. Kwenye kioo vilichorwa vifundo kama vile vya mashine yangu, ukavizungusha kwa kipanya.

"Kisanduku chako kina mwangwi mmoja tu, Mwalimu," Bhai aliniambia kwa furaha. "Mimi hapa nina ukumbi, nina kanisa kubwa, nina pango, nina bafu."

"Bafu la nini?"

"La kuimbia."

"Bafu ninalo nyumbani, Bhai. Tena halihitaji umeme."

Alicheka, lakini nilikuwa nimemgusa penyewe. Kompyuta ile ilikuwa nzito kufikiri. Ukichagua mwangwi wa wimbo mmoja, mstari wa buluu ulianza kutambaa kwenye kioo, nasi tukanywa chai, tukaulizana habari za watoto, tukanywa ya pili, mstari bado unatambaa. Halafu umeme ukakatika. Siku moja alipoteza hivyo wimbo mzima aliokuwa ameimba asubuhi ile na hakuwa ameuhifadhi. Alikaa akitazama kioo cheusi, kisha akasema, "Haidhuru. Aliyeimbiwa ameshausikia." Nilimpenda zaidi kwa neno lile.

Wala mimi sikuwa na la kujivunia sana. Joto la Oktoba lililegeza mkanda wa mashine yangu. Vumbi liliingia kwenye vifundo vikawa vinakwaruza. Kila nilipohamisha sauti kutoka nafasi moja kwenda nyingine kaseti iliongeza mvumo, hadi kwaya ikasikika kama inaimba huku mvua inanyesha mbali. Na kosa likitokea katikati ya wimbo, dawa ilikuwa moja: kuanza upya. Hilo la mwisho ndilo lililotutesa kwa ajili ya mwenzangu.

Mwenzangu huyu alikuwa mwimbaji wa besi na tulianzisha kwaya pamoja. Mvua zilipokosekana miaka miwili mfululizo alikwenda Geita kuchimba dhahabu kwenye maduara, kama wachimbaji wadogo wanavyoyaita mashimo yao, akakaa huko akiponda mawe makavu siku kutwa. Alirudi na vitu vichache na pumzi fupi. Katika zahanati ya masista alielezwa bila kufichwa kwamba vumbi limekaa kifuani na kwamba ile pumzi ya zamani haitarudi. Alinieleza habari hiyo tukiwa tumekaa kwake, kama mtu anayeeleza bei ya mahindi. Kisha akasema alichotaka.

"Mwalimu, kuna wimbo niliutunga kule shimoni. Wa shukrani, kwa Kisukuma. Hakuna anayeujua ila mimi. Sitaki niondoke nao."

Nilijaribu kuuandika kwa sol-fa. Nilipata mwili wa wimbo, lakini kila baada ya maneno machache sauti yake iliteleza kati ya noti mbili, na katika kuteleza huko ndiko wimbo ulikokuwa. Wengine wangeweza kuujifunza kwa kumsikia yeye tu, na yeye hakuwa na kifua cha kuurudia mazoezini jioni baada ya jioni. Ilibidi tuupate kwenye kaseti, wote, kwa sauti yake.

Pamba ilikuwa ndani. Nikamkalisha kati ya magunia, kipaza sauti mbele yake, na nikapanga kama mashine ilivyonizoesha: kwanza yeye peke yake, nafasi ya kwanza, waitikiaji nitawaongeza siku nyingine katika nafasi zilizobaki. Akaita mstari wa kwanza. Kabla hajafunga mdomo, wanawake waliokuwa uani wakichambua pamba, safi huku na fifi, yaani iliyochafuka, kule, mke wangu na mke wake wakiwamo, wakaitikia kwa sauti moja. Wimbo hawakuujua, lakini mwitikio ulikuwa mwepesi, na sikio la Msukuma halihitaji kuambiwa mara mbili mahali pa kuingia.

Nikatoka. "Mama zangu, naomba kimya. Tunarekodi."

"Tumesikia, Mwalimu."

Tukaanza tena. Akaenda beti mbili, wakaitikia tena, safari hii kwa chinichini wakidhani mashine haiwasikii. Nikatoka mara nyingine.

"Mtu anaita," mke wake akaniambia, mikono ingali ndani ya pamba. "Unataka tumwache mdomo wazi?"

"Leo anaimba peke yake."

"Kwa nini? Ametukosea nini?"

Kwetu mwimbaji asiyeitikiwa ni mtu aliyekataliwa mbele za watu. Hata kwenye ngoma za mashindano, kundi likitaka kumvunja kiongozi wake humnyamazia tu. Mwishowe niliwaomba wahamie ua wa jirani. Walibeba vikapu vyao huku wakinitazama kama niliyefanya jambo la aibu.

Kimya nilichokitaka nikakipata, lakini wimbo haukuja. Mwenzangu alifika ubeti wa pili, pumzi ikaisha, akakohoa hadi akashika gunia. Tulipumzika, tukajaribu, tukapumzika. Jua lilipoinama nilikuwa na vipande vingi na hakuna wimbo.

"Tuuache, Mwalimu," alisema. "Mungu ameusikia. Inatosha."

Maneno yalikuwa karibu sawa na yale ya Bhai, ila Bhai aliyasema akiwa na kesho ya kuimba tena. Nikamwambia asubiri.

Nilipeleka kaseti mjini. Bhai akaiingiza yote kwenye kompyuta, akavikata vipande, akaviunganisha, kazi ambayo mashine yangu isingeiweza kamwe. Tukasikiliza. Kila kipande kilikuwa chini kidogo kuliko kilichotangulia: kifua kilivyozidi kuchoka sauti ilizidi kushuka, na sasa mwenzangu alisikika kama mtu anayeshuka ngazi za duara akiimba. Bhai akachomeka ile programu ya kupandisha sauti. Mstari wa buluu ukatambaa, chai ikaja, na mwisho wake besi yetu ikatoka kama mwana-mbuzi.

"Huyu si yeye," nikasema.

"Huyu si mtu," Bhai akasema, akaifuta.

Kisha akakiinamia kioo. Kompyuta ile huchora sauti: panapoimbwa pananenepa kama mlima, palipo kimya panabaki mstari mwembamba. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Mwalimu, hivi viwili vya mwanzo ulivyosema vimeharibiwa na wanawake, mbona alikuwa anaimba vizuri? Tazama. Hapa anaita. Hapa wao wanaitikia, yeye amekaa. Anaita tena, na mlima wake haujapungua. Sasa tazama hivi vingine vya kimya. Hana mahali pa kukaa. Hii milima midogo katikati ni nini?"

Tukaisikiliza ile milima midogo. Alikuwa anajiitikia mwenyewe, kwa sauti ya ndani, ili ajue aingie lini. Kwa kukosa wa kumpokea alikuwa ameimba wimbo wote, wake na wa watu, kwa kifua kimoja kibovu. Nilikuwa nimesikiliza siku nzima na sikio langu halikuliona. Kioo kikaliona. Nililipokea jambo hilo kwa shukrani, nami nikampa Bhai haki yake mbele ya mke wake, ambaye alisema afadhali kioo kile kimeona kitu, maana kimekula nusu ya chumba.

Betri nikaichaji hadi ikajaa. Wanawake nikawaita ndani, wakakaa juu ya magunia kuelekea ukutani, mwenzangu karibu na kipaza sauti. Mke wake aliniuliza kama leo wanaruhusiwa kuwa na midomo. Nikamwambia leo ndiyo kazi yao. Katika zile nafasi nne nilitumia moja.

Akaita, wakampokea. Wao walipokuwa wanaimba yeye aliegemea pamba, akafumba macho, akavuta pumzi taratibu, na zamu yake ilipofika alikuwapo. Ubeti wa pili ukapita, wa tatu ukapita. Katika wa nne kikohozi kilimjia, lakini kilimkuta kwenye mwitikio, nao wakarefusha neno la mwisho bila kuambiwa hadi akawa tayari. Jogoo aliwika nje. Sikusimamisha mashine. Tulifika mwisho wa wimbo mara moja, na hapakuwa na sababu ya kurudia.

Kazi iliyobaki tuliifanya dukani, na hapo nilizipenda zile programu ndogo kwa dhati. Ya kupunguza mvumo iliondoa ile mvua ya mbali. Tulipoizidisha ikaanza kula na pumzi za mwenzangu, tukairudisha nyuma hadi zikasikika. Mwangwi tulibishania. Bhai alitaka kanisa kubwa. Nilimweleza kuwa kigango chetu kinaingia watu wakibanana na mbwa mmoja, tukakubaliana chumba kidogo. Jogoo hakutoka kwa programu yoyote. Bhai alihifadhi kazi kila baada ya hatua, na alipohifadhi aliniangalia ili nishuhudie.

Kaseti nilimpelekea mwenzangu nyumbani kwake. Tuliiweka kwenye redio, mke wake akaja kukaa mlangoni. Mwenzangu alisikiliza yote, kichwa kimeinama, bila kusogea. Nilijiandaa kwa lolote.

"Hapa kwenye ubeti wa nne," alimwambia mke wake, "mmevuta mno."

"Tulikuwa tunakungoja umalize kukohoa, Baba."

Akafikiri. "Basi paacheni hivyo hivyo. Ni pazuri."

Kisha akanigeukia. "Wabeja, Mwalimu," akanishukuru kwa Kisukuma, na akaniuliza siku ya mazoezi.

Jumamosi iliyofuata alikuja kanisani na redio kwenye kikapu. Alikaa kwenye benchi la mbele, waimbaji wa besi wamesimama mbele yake, akabonyeza kitufe mwenyewe. Sauti yake ikaita mstari mmoja, akasimamisha, akawaonyesha kwa mkono kwamba ni zamu yao kuurudia. Walipokosea pale panapoteleza, alirudisha kaseti nyuma, akabonyeza tena.