Miaka Minane ya Kusema Nikirudi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hadi harufu yake. Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka wa tisini na mbili. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba nilichoishi kwa miaka minane katika mji mmoja wa jangwani huko ng'ambo, sanduku miguuni, ufunguo mkononi, nikilia kama mtu aliyefiwa. Na kweli nilikuwa nimefiwa, ila habari ilikuwa haijanifikia. Machozi ya saa ile yalikuwa ya jambo jingine, jambo nililoona aibu kulitamka hata kwa mke wangu. Nililia kwa sababu nilikuwa nauacha mji ule, mji niliokuwa nimeulaani kila asubuhi.

Mama yako aliniambia juzi kwamba pasipoti yako imetoka na mwezi ujao unaenda kufanya kazi upande ule ule. Akaniomba niseme nawe, maana katika majirani wote hapa Myanga ni mimi tu niliyefika huko. Usiogope, sikukuita nikukataze. Nani atakukataza na kazi hapa hakuna? Kunywa chai yako, nikwambie yaliyotupata mimi na mke wangu, Nekesa. Nekesa humkumbuki vizuri, ulikuwa bado mdogo alipofariki.

Mimi nilizaliwa Saboti. Baba yangu alitoka hapa Myanga akiwa kijana, akapata shamba huko chini ya mlima, akafyeka, akapanda mahindi, akatuzaa huko. Nilipomaliza shule nilipata kazi Kitale, kwenye kiwanda kidogo cha mikate, nikawa mwokaji. Nilimwoa Nekesa mwaka wa themanini na tatu. Hata mwaka haujaisha akaja bwana mmoja akitafuta waokaji wa kwenda Uarabuni. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na tamaa, na nyumba yetu ilikuwa ya udongo. Nikamwambia Nekesa, "Miaka miwili tu. Nikirudi tutaishi kama watu."

Akaniuliza, "Kwani sasa tunaishi kama nini?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Mwanangu, joto la kule si joto la hapa la Januari, lile la kutafuta kivuli kisha ukapoa. Maji ya bomba yalitoka moto bila kuchemshwa. Ukigusa mlango wa gari mchana, unaruka. Njiwa walikaa pembezoni mwa kuta midomo wazi, hawana hata nguvu ya kukimbia mtu. Na kazi yangu ilikuwa mbele ya tanuri, tangu alfajiri. Nilikuwa nikifunga macho na kufikiria mvua ya Saboti, ile inayoshuka mlimani saa nane mchana ikiwa nyeupe, ikakupata katikati ya mahindi. Niliiwaza mpaka meno yakaniuma.

Kwa hiyo niliamua kutoishi pale. Nieleze vizuri: mwili ulikuwa pale, lakini mimi nilikataa. Nguo zangu nilizitoa kwenye sanduku asubuhi na kuzirudisha sandukuni jioni. Sikununua kabati. Dirishani nilibandika gazeti badala ya pazia. Aliyekuwa jirani yangu mlango kwa mlango alikuwa fundi wa kushona, Mhindi mpole, naye nilimsalimu kwa kichwa tu. Rafiki wa nini? Mimi ni mtu wa kupita.

Aliyejaribu kunitoa kwenye usingizi huo alikuwa Mzee Saleh, mwokaji mkuu wa pale kazini. Alizaliwa Mombasa, jamaa zake wakamrudisha Uarabuni akiwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa bado kitamu kama alitoka huko wiki jana. Siku moja aliingia chumbani kwangu kunijulia hali nikiwa na homa. Akatazama gazeti dirishani, akatazama sanduku.

"Wewe wakaa hapa ama wangoja gari?" akaniuliza.

"Mzee, mimi narudi nyumbani mwakani."

"Mwaka jana pia ulinambia mwakani."

Akaniwekea supu, akaenda zake.

Mwaka wa themanini na nane nilipata likizo ya mwezi mmoja, nikaja Saboti na suti na viatu vya kung'aa. Lo! Watu walikuja kunitazama. Baba alinichinjia kondoo. Nilikaa kwenye kiti kama mgeni wa heshima, na sitakuficha, nililipenda jambo hilo. Lakini Nekesa alikuwa na neno lake. Tulikuwa bado hatujapata mtoto, na wewe unajua watu wetu wanavyomsema mwanamke. Akaniambia, "Kuna daktari Eldoret. Nilienda peke yangu, akakataa kunipima nusu nusu. Ati anataka tuje wawili. Twende hata kesho, baba. Ni siku moja tu."

Nikamwambia, "Fundi ananingoja tuchimbe msingi wa nyumba. Hilo la daktari tutalifanya nikirudi kabisa."

"Na likizo ikiisha?"

"Si nimekwambia nikirudi?"

Baba naye alitaka tuzunguke shamba anionyeshe mipaka yote mbele ya majirani. Naye nilimjibu hivyo hivyo. Mwezi mzima nilikuwa na fundi na mawe yake. Nilipopanda ndege, msingi ulikuwa umesimama vizuri, na mambo mawili niliyoombwa na watu wangu yalikuwa hayajaguswa.

Nilipofika kazini nilimweleza Mzee Saleh habari ya ule msingi, jinsi ulivyo mpana, na jinsi nilivyowaahirisha Nekesa na baba kwa ajili yake. Nilidhani atanisifu. Alifuta unga mikononi taratibu, akanitazama usoni.

"Mkeo akuomba siku moja," akasema, "wewe wampa mawe. Huyo si kwamba hana nyumba. Hana mume. Na baba yako ana mtoto wa kwenye picha. Nawe hapa hutaki kukaa, na kule hutaki kurudi. Basi wewe u wapi?"

Nilikasirika, mwanangu. Nilimnunia siku tatu nzima. Nilisema moyoni, huyu mzee ananionea wivu kwa sababu mimi nina kwetu pa kurudi. Leo nikiulizwa ni maneno gani nimewahi kuambiwa ambayo ningeyalipia chochote ili niyasikie kwa masikio ya mtu mzima, ni hayo.

Nekesa aliendelea kuandika. Barua zake zilikuwa fupi. Mwaka wa tisini aliandika: "Nyumba hii ya udongo inatutosha. Baba anakohoa. Njoo tu." Nilijibu kwamba nangoja mabati yamalizike. Yalipomalizika, nikasema madirisha. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kule nilikuwa mwokaji tu, mtu wa kutoka jasho. Lakini Saboti, kwa sababu sikuwapo, nilikuwa mtu mkubwa. Nikirudi kabisa, wangeniona nilivyo. Kwa hiyo niliulaani mji ule na bado nikauganda.

Ndipo yakaja yale ya mwaka wa tisini na mbili. Wewe umeyasikia kwa wazee wengine: watu waliokuwa wakisalimiana sokoni wakageukiana kwa ajili ya mashamba, nyumba zikachomwa huko kwetu. Barua ya binamu yangu ilinifikia baada ya wiki nyingi. Nyumba imeungua, mpya na ile ya udongo. Baba na Nekesa wamekimbilia Bungoma, wako kwa shangazi karibu na Kibabii. Baba ni mgonjwa. Njoo.

Nilikimbia kwa tajiri wangu siku ile ile. Akasema mkataba haujaisha, apate kwanza mwokaji mwingine. Mzee Saleh akaniombea, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka nikaachiliwa. Lakini zilikwisha pita wiki sita.

Siku ya kuondoka nilifunga sanduku kwa dakika tano. Miaka minane, dakika tano! Nilipofungua mlango nikamkuta yule fundi wa kushona amesimama na shati jeupe limekunjwa vizuri. Alikuwa amesikia kwamba nimepatwa na balaa nyumbani. Nikalijaribu pale pale, likanikaa mabegani kama ngozi. Alikuwa amenipima kwa macho tu, tukipishana. Kisha akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, "Jina lako nani?"

Miaka minane, mwanangu. Hapo ndipo nililia. Niliona mtaa wote kwa mara ya kwanza: yule mama aliyenunua mikate kwangu kila asubuhi na kuniombea dua nisiyoielewa, harufu ya mkate na vumbi la moto, adhana ikipokezana kutoka msikiti mmoja hadi mwingine. Nilikuwa na mji, na sikuutaka. Na sasa kule nilikokuwa nikiutunza moyo wangu kulikuwa majivu.

Mzee Saleh alinisindikiza hadi kwenye teksi. Akaniambia, "Mimi niliililia Mombasa miaka arobaini. Mombasa sasa hawanijui, na hapa pia sikujifanyia pangu. Nilikukemea wewe kwa sababu nilijiona. Nenda, mwanangu. Unisamehe kama nilikuumiza." Sikumwona tena. Nilimwandikia barua mbili, hazikujibiwa.

Nilifika Kibabii asubuhi. Nekesa alikuwa uani kwa shangazi, anapepeta mahindi. Aliniona, akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwa leso, akanipa mkono.

"Karibu," akasema, kama unavyomkaribisha mwalimu au karani.

"Baba yuko wapi?"

"Tulimzika Myanga kwa ndugu zake. Sasa ni wiki ya tatu." Akauokota tena ungo. "Alikungoja. Kila gari likisimama barabarani alikuwa anasema, mtazame kama ni yeye. Mwishowe akasema, bana, mwacheni, huyo yuko kazini."

Baada ya siku chache nilienda Saboti. Shangazi alinikataza, nikaenda. Kuta zilikuwa zimesimama bila paa, madirisha yameng'olewa, na mahindi ya mtu mwingine yalikuwa yameota mpaka mlangoni. Mzee mmoja tuliyejuana zamani alipita, akaniambia kwa sauti ya chini nisikae sana. Nikamwuliza mipaka ya baba ilikuwa wapi. Akasema, "Hiyo aliijua yeye." Kisha mvua ikashuka mlimani, ile ile niliyoiota miaka yote. Ilinilowesha mpaka mifupani. Sikufurahi. Nilitetemeka, na moyo wangu, nisamehe Mungu, ulikuwa unatamani joto la ule mji na chumba kile chenye gazeti dirishani.

Tulianza upya hapa Myanga kwenye kipande tulichopewa na baba mdogo. Eldoret tulienda, mimi na Nekesa, wawili, kama alivyotaka. Daktari alikuwa mtu wa upole. Alisema kulikuwa na kitu kidogo ambacho kingetibiwa mapema, lakini sasa miaka imepita na ugonjwa umekula ndani. Nekesa hakunilaumu, wala siku ile wala baadaye. Alinipikia, aliniheshimu, aliniita baba mbele ya watu. Heshima hiyo iliniuma kuliko matusi. Mara moja tu, tukiwa tunapukuchua mahindi, alisema bila kuinua macho, "Sikukasirika kwa sababu ulienda. Watu wanaenda. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa unarudi kila siku na hufiki."

Mimi sikumwambia kamwe kwamba niliulilia ule mji. Alikufa hajui. Sijui kama ningemwambia angenicheka au angenionea huruma; lipi kati ya hayo ningelistahimili, hilo pia sijui. Na nikikuita wewe mwanangu, ujue si mazoea tu ya wazee. Sina mwingine wa kumwita hivyo.

Sasa nisikilize. Ukienda, nenda kweli. Toa nguo sandukuni. Tundika pazia. Muulize jirani jina lake wiki ya kwanza, na umwambie lako. Joto litakuchoma, utalia, lakini siku utakazokaa kule ni siku za maisha yako pia, hakuna atakayekurudishia. Na kabla ya kuondoka, keti na mama yako, mkubaliane siku ya kurudi, na siku hiyo ikifika uje, hata kama nyumba haijaezekwa, hata kama unakuja na mikono mitupu na watu watakusema. Mtu wako akikuomba uje, usimpelekee bati. Akikuomba siku moja, mpe hiyo siku. Usimtie katika lile neno "nikirudi" nililolitumia mimi, maana wanaotungoja nao wanazeeka, na wengine wanachoka kungoja hata kabla hawajafa.

Sina uhakika kwamba utanisikia. Mimi sikumsikia Saleh. Lakini nimesema.

Inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba zetu akufikishe salama, akupe kivuli katika lile jua, akupe watu wema mlango kwa mlango. Na amrudishie mama yako uso anaoujua, akukute ungali mtoto wake, naye angali hai wa kukupokea. Nenda, mwanangu. Amina.