Safari ya Gofu ya Fundi Miwani

Mume wangu ni fundi miwani, na ugonjwa wake ni gofu. Waume wa wenzangu hupotelea kwenye pombe. Wangu hupotelea kwenye nyasi, akifukuza kijipira ambacho hakijamkosea kitu. Dukani yeye hupima macho chumba cha nyuma, mimi nauza fremu mbele, na Jumamosi mchana duka ni langu peke yangu.

Mwaka huu yeye na marafiki zake wawili, Mkandarasi na Mwalimu, waliamua kwamba ile safari ya ng'ambo waliyoizungumza tangu nywele zao zikiwa nyeusi sasa itafanyika kweli. Wanataka kucheza kwenye viwanja vikubwa vya ubingwa, vile wanavyovitazama kwenye televisheni mpaka chai inapoa. Wakaja kukaa sebuleni kwangu, kompyuta mezani, miguu juu ya stuli zangu, wakapanga. Kiwanja cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Wakafika kwenye kile cha zamani kuliko vyote, kilicho kando ya bahari, ambacho picha yake mume wangu ameitundika dukani tangu binti yetu akiwa anatambaa.

"Hapa msimu huo hakuna wabebaji," Mkandarasi akasoma. "Kila mtu anavuta fimbo zake mwenyewe kwa kigari."

"Basi kifute," mume wangu akasema.

Nikaweka birika chini. "Ukifute? Kiwanja cha ukutani?"

"Bega, mama. Bega langu haliwezi kuvuta."

Bega gani? Juzi yake alipandisha mtungi wa gesi ngazini huku akipiga mluzi. Nikawatazama wale wawili, nao ghafla wakakumbuka chai yao. Mimi si mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikaliweka moyoni.

Jumamosi iliyofuata nilifunga duka mapema nikaenda kiwanjani kwao, nikasimama nyuma ya ua wa maegesho. Mume wangu alikuwa anajiandaa kupiga. Pembeni yake alikuwapo mbebaji wake wa siku zote, mtu mzima wanayemwita Kepteni. Mpira ukaruka, ukakata kushoto, ukaingia mitini. Hata mimi nisiyejua gofu niliuona. Yeye akabaki ameangalia mbele moja kwa moja, mkono juu ya nyusi, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kushoto, mzee," Kepteni akasema, midomo haimchezi. "Mitini."

"Aa, nimeuona," mume wangu akasema kwa sauti, akageuka kushoto.

Nilimwonea huruma, na hapo hapo nikapandwa na hasira ambayo sijui niieleze vipi. Wanasema mganga hajigangi, lakini huyu wangu hujiganga. Kila mwaka mpya hukaa kwenye kiti cha wateja, akafunika jicho moja, akasoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini kabisa. Nimemsikia kwa masikio yangu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza anausomaje. Kisha nikajikuta nazitaja zile herufi mwenyewe, mstari baada ya mstari, mimi ambaye sijawahi kumpima mtu. Ubao ule umekaa pale tangu tufungue duka.

Jumatatu, kabla wateja hawajaanza kuingia, nilitoa stoo ubao mwingine ambao hatujawahi kuutumia, nikautundika mahali pa ule wa zamani. Nikamwita. Nikamwambia afunike jicho la kulia kabla sijawasha taa.

"Leo unanipima wewe?" akacheka.

"Soma."

Akasoma. Alishuka mstari kwa mstari bila kukwama, kama mtoto anayeimba jedwali la kuzidisha. Herufi alizotaja zilikuwa za ubao wa zamani, ambao muda huo nilikuwa nimeukumbatia kifuani.

"Sasa toa mkono," nikasema.

Akatoa. Akautazama ukuta muda mrefu, kisha akanitazama mimi na ubao wangu. Alikaa na mikono magotini.

"Niliogopa," akasema. "Nani atanunua miwani kwa fundi asiyeona?"

Kumbe maskini alikuwa anajidanganya hata yeye. Nikamshika mkono, tukafunga duka, tukaenda hospitali. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeshaliwa sana, la kulia limeanza. Kilichopotea hakirudi, daktari alisema, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, mradi asiruke hata siku moja. Akaongeza kwamba tungekuja mapema. Neno hilo lilinichoma.

Marafiki zake walipokuja niliwaeleza yote. Mwalimu akainama.

"Shemeji, sisi tulijua. Ile mipira ya rangi ya machungwa anayochezea tuliinunua ili aione. Hatukutaka aaibike."

Najua walifanya kwa moyo mwema. Ndiyo maana iliniuma zaidi. "Mlimsitiri aibu," nikawaambia, "jicho likaenda."

Mkandarasi aliweka kikombe mezani bila kunywa. Mume wangu akamgeukia.

"Kirudishe kile kiwanja cha ukutani," alimwambia. "Nataka nikione wakati bado naona."

"Na nani atakuonyesha mpira huko?" Mkandarasi akauliza.

"Si nyinyi. Nyinyi mnanionea haya." Akaninyooshea kidevu. "Huyu ndiye atavuta kigari. Mpira ukipotea, ataniambia umepotea."

Mimi na gofu, wapi na wapi? Hata viatu vyake sina. Lakini nilimwambia Mkandarasi aongeze tiketi moja, kisha nikaenda chumbani kuchukua ile dawa ya matone, maana saa yake ilikuwa imefika.