Kalibu Iliyotaka Kukaa Majini

Nilisema mbele ya watu na sikuona haya, wala leo sioni. Ilikuwa kikao cha kamati ya parokia, Kwaresima ndiyo imeanza, na mwenyekiti alikuwa anasoma kwenye karatasi yake kwamba mshumaa mkubwa wa Pasaka utaagizwa Dar es Salaam kama kila mwaka. Nikanyoosha mkono.

"Msiagize. Nitautengeneza mimi."

Watu wakacheka. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu, mtu wa miwani na kalamu mbili mfukoni. Nimemzidi miaka kama kumi. Akavua miwani.

"Bibi, mshumaa wa Pasaka siyo mandazi."

"Na mandazi yenyewe huyawezi," nikamwambia.

Sikuwa nasema upuuzi. Mishumaa ndiyo kazi yangu tangu nilipofiwa na mume wangu. Natengeneza midogo, ya kuwasha makaburini Novemba, ya kuwasha nyumbani umeme ukikatika, na ile ya komunyo ya kwanza. Kalibu zangu, yaani vile vyombo vya kumwagia nta ipate umbo, ni vipande vya bomba la maji la plastiki nilivyokata mwenyewe kwa msumeno. Lakini mshumaa wa Pasaka ni kitu kingine. Kimo chake ni mtoto wa darasa la tatu, na unene wake ni paja langu, na mimi si mwembamba.

"Kalibu ya kumwagia kitu kama hicho unayo?" akauliza mwenyekiti.

"Ipo."

Uongo. Haikuwepo popote.

"Haya. Jumamosi, siku moja kabla ya Matawi, tuuone hapa ofisini. Usipofika, naagiza Dar siku hiyohiyo, na haya maneno yako ya kila mwaka yaishe moja kwa moja."

Hapo ndipo aliponishika. Maana kweli, kila mwaka nilikuwa nasema. Nilichoka kuona mwanga wetu unafika kwa basi, umefungwa kwenye boksi kama dawa ya ng'ombe. Watu wamejaa kandokando ya ziwa zima, mafundi kila kona, halafu mshumaa wa kumpokea Yesu mfufuka tunaenda kuupokea stendi! Basi nikakubali mbele ya wote. Nikishindwa, nafunga mdomo mpaka nazikwa.

Nilianzia Buzuruga kwa kijana mmoja anayechomelea mageti karibu na stendi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nataka bomba la bati, limezibwa chini, wazi juu. Urefu na mzunguko ni huu." Nikampa kamba yenye mafundo mawili. Nimeishia darasa la nne, lakini kamba yangu haijawahi kunidanganya.

"Ni milimita ngapi hizi?"

"Ni hiyo kamba."

Akaizungushia mkononi, akaangalia wenzake. "Bibi, unatengeneza kombora? Nani kakuudhi?"

"Wapo wengi. Ukinichelewesha naanza na wewe."

Akalitengeneza, na kwa macho lilikuwa zuri, linang'aa. Nikalibeba mpaka kwangu Buhongwa, nikayeyusha nta, nikamwaga. Kesho yake nikaligeuza kichwa chini. Hakikutoka kitu. Nikalimwagia maji ya moto, nikalianika juani, nikalipiga kwa mchi. Mwisho mshumaa ukatoka, lakini ukatoka vipande vitatu, na kimoja kilibaki ndani mpaka leo. Nilipoingiza mkono nikajua sababu. Pale alipounganisha bati, moto wake ulikuwa umeacha vinundu upande wa ndani, na vile vinundu viling'ang'ania nta kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Nikamrudishia. Akalichungulia kwa tochi ya simu.

"Bibi, mimi nachomelea mageti. Geti halitolewi kwenye kitu."

Sikumgombeza. Alisema kweli.

Nikaenda mjini kwa mzee wa Kihindi ninayenunua kwake parafini. Duka lilikuwa la babu yake, na ananijua tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Akaniambia kalibu kubwa zipo, za mpira laini, zinatoka nje, lakini ni miezi mitatu ndiyo zifike.

"Kwaresima haina miezi mitatu," nikasema.

"Basi mama, agizeni tu ule wa Dar."

"Hata wewe?"

"Mimi nakuuzia nta miaka yote. Sipendi uaibike, mama."

Nikamwambia aibu yangu aniachie mwenyewe. Nikatoka na hasira zangu, nikateremka mpaka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nikakaa juu ya jiwe nipumue.

Mbele yangu palikuwa na mtumbwi uliopinduliwa unazibwa. Pembeni yake mwingine mdogo umelala wazi, mdomo juu. Nikaangalia huu, nikaangalia ule. Huu kifuniko, ule bakuli. Ukiuchukua huu uliopinduliwa ukauweka juu ya mwenzake, katikati unapata nini? Tundu refu la mviringo. Na ukitaka kilichomo, huhitaji kukivuta wala kukipiga mchi. Unafungua tu, kama unavyofungua ganda la karanga.

Mayu, mama yangu! Nikasimama peke yangu kama mwehu. Nimekwenda kwa watu wa chuma, nimekwenda kwa watu wa duka, na ziwa zima linaelea makalibu!

Nikauliza pale nani fundi hodari wa mitumbwi. Watatu walinitajia mtu mmoja, Mkerewe mzee aliyeko Kigongo. Kesho yake asubuhi nikaenda. Nikamkuta ameshika tezo anachonga, mkono wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Nikamsalimu, nikamwambia nilidhani tangu daraja la kuvukia ziwa lifunguliwe kazi yake imekufa.

"Samaki hawapiti darajani," akasema bila kuinua kichwa. "Unataka nini, mama?"

"Nataka mitumbwi miwili midogo inayobusiana."

Sasa akainua kichwa. "Katika umri wetu huu?"

"Mitumbwi ndiyo inabusiana, siyo sisi. Usijipe matumaini."

Akacheka mpaka akaweka tezo chini. Nikamchorea mchangani, nikampa kamba yangu. Huyu hakuuliza milimita. Aliipima kwa shubiri zake, akaichovya kwenye mafuta machafu na kuikandamiza kwenye gogo, alama ikabaki.

Kazi ile ilimchukua karibu Kwaresima nzima, maana alikuwa anaifanya katikati ya kazi za watu. Nilikwenda kumwangalia mara nne. Alipasua gogo sawasawa katikati, akachonga kila upande kwa tezo, kisha akalainisha ndani kwa kipande cha chupa mpaka ukipitisha kiganja hakikwami popote. Chini akaweka kibao cha mviringo. Akazifumbata zile pande mbili kwa kamba ya nyavu na kabari za mti, halafu akaziba mshono kwa pamba, akiishindilia kwa patasi butu na nyundo. Nilifurahi kuiona pamba. Kwetu tumeilima mpaka migongo ikapinda, acha na yenyewe itusaidie.

Ikafika Jumatano. Jumamosi ndiyo siku ya mwenyekiti. Nikapanga mafiga palepale ufukweni, nikayeyusha nta ya nyuki niliyotoa Tabora pamoja na parafini yangu, nikaning'iniza utambi kwenye kijiti katikati ya kalibu, nikamwaga.

Ilikaa tulivu kwa muda wa kusali Baba Yetu moja. Halafu pamba ikaanza kuchungulia, hapa, na pale, na kule. Mara ikatoka yote kwa mpigo kama utumbo, na nta ikamwagika mchangani, ya moto, ya njano, inanukia asali. Nilisimama na sufuria tupu mkononi.

Yule mzee alipiga magoti akaokota kipande cha pamba, akakigeuza geuza.

"Nimeiziba kwa nje," akasema. "Miaka arobaini naziba kwa nje. Mtumbwi, maji yako nje yanataka kuingia, yanaisukuma pamba ndani, inakaza. Hiki chako kiko ndani kinataka kutoka. Sikufikiria, mama. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Basi ziba kwa ndani."

"Pamba itaingia kwenye nta. Utatoa mshumaa una manyoya kama kifaranga." Akakaa chini, akashika kichwa. "Nisamehe. Siku zimekwisha. Hebu agizeni tu Dar."

Jamani. Mara ya tatu neno hilo! Kama ningekuwa na mchi wangu sijui ningefanya nini. Damu ilinipanda, na ilipopanda ndipo akili ilipofunguka.

"Wewe mzee, umenitengenezea nini hapa?"

"Kalibu."

"Siyo kalibu. Wewe hujui kutengeneza kalibu. Umetengeneza mtumbwi, kwa mbao za mtumbwi, umeziba kama mtumbwi. Sasa niambie, mtumbwi unakaa wapi?"

"Majini."

"Uweke majini."

Alinitazama. Akatazama ziwa. Akanitazama tena, na uso wake ukaanza kujikunja kwa kicheko kutoka chini kwenda juu.

Jioni ile tulikwangua nta mchangani, tukaiyeyusha upya, nikaichuja kwa kanga yangu nzuri ambayo sasa haifai tena. Alhamisi asubuhi, ziwa limetulia, mzee akaziba upya palepale kwa nje kama alivyozoea. Akaingia na kalibu mpaka kifuani, mahali penye jiwe kubwa linalojitokeza juu ya maji. Ile kalibu haikukubali kusimama, ilielea ikilala kama boya. Akaifunga mawe chini, kama wanavyofunga nyavu, ikanyooka. Mimi nikapanda juu ya lile jiwe na sufuria, vijiko na fimbo ya utambi, sketi nimeifunga kiunoni. Ufukweni watu walikuwa wameshajaa.

"Bibi, unabatiza nini hapo?" akaita mwanamke mmoja muuza dagaa.

"Nambatiza mwenyekiti wetu!"

Nikamwaga polepole, naangalia nta ndani na maji nje viwe sawa, nta isizidi. Pamba haikuchungulia. Maji yalikuwa yanaisukuma, yanaikaza, na mbao zilikuwa zinakunywa maji na kuvimba na kubanana. Nta ilipopoa ikabonyea katikati, nikajaza. Ikabonyea tena, nikajaza tena. Miguu ilikufa ganzi, sikushuka.

Tukauacha humo mpaka Ijumaa. Tulipoutoa, mzee akagonga kabari, kamba ikalegea, upande wa kwanza ukafunguka wenyewe. Ukabaki upande wa pili. Akauinua. Mbao ilikuwa imeshiba maji, nta haikupata pa kushika, mshumaa ukateleza ukaja mikononi mwangu mzima mzima. Ulikuwa mzito kama mtoto aliyelala.

Jumamosi nikafika ofisini, nimeufunga kanga mbili. Mwenyekiti alikuwa ameshatoa simu yake mezani, namba ya Dar nadhani ilikuwa tayari. Padre alikuwepo. Nikaufungua. Chumba kizima kikanukia asali.

Mwenyekiti akauzunguka. Akauinamia. Akapitisha kidole toka juu mpaka chini, pale zile pande mbili za mbao zilipokutana, maana pale pamebaki kamstari.

"Una mshono," akasema.

"Hata wewe una kitovu, mwalimu. Mbona hatukukurudisha?"

Padre alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia akasema kwa upole kwamba mshono ule unakwanguka kwa kisu, dakika tano tu, utapotea. Nikamwambia hapana, baba. Msalaba na mwaka mchore mnavyotaka, na ubani upachikeni, lakini mshono haukwanguliwi. Ukikwanguliwa utafanana na wa Dar, na mtu atakuja kusema ni wa Dar.

Akafikiri. Akakubali.

Mshumaa umesimama karibu na altare sasa, na mshono wake unatazama watu. Hilo nalo niliomba. Mzee wa Kigongo alikuja Jumapili ya Pasaka kwa shati jipya, akakaa benchi la mbele kabisa upande ule, na misa nzima hakuangalia kitu kingine.

Kikao kilichofuata, mwenyekiti alifungua daftari lake akaandika kwa mkono wake kwamba kuanzia sasa mshumaa wa Pasaka utatengenezwa hapahapa. Akasoma alichoandika, harakaharaka, macho chini.

Nikanyoosha mkono. Nikamwomba asome tena, taratibu na kwa sauti, maana mimi kusoma ni kwa shida.

Akasoma tena.