Swali la Saba

Siku ya kwanza kazini nilipewa kiti, na kile kiti kilinitisha kuliko kazi yenyewe. Mimi ni mtu wa darasa la tatu. Nilizoea kigoda na jembe. Kukaa juu, nyuma ya meza, watu wazima wamesimama mbele yangu kama wanangoja hukumu, hilo sikuwa nimeliota.

Kazi yenyewe niliipata kwa maharage. Nilikuja Kasulu sokoni na gunia langu, miaka ile ya sabini watu walipokuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, nikamkuta daktari mmoja anabishana na bibi kizee. Daktari ni mtu wa mbali, Kiha, lugha yetu, hajui. Bibi naye Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi tu. Daktari amempa kikopo cha bati chenye kifuniko, na bibi hataki kukishika.

"Mwambie aweke choo humo, kidogo tu, aniletee kesho," daktari akaniambia.

Nikamweleza. Bibi akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Yaani mimi na mvi zangu nibebe mavi njiani, nije nimkabidhi mtoto wa watu kama nimemletea uji? Na mama yake anajua kazi anayofanya?"

Nikatafsiri yote, sikuacha neno. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza, "Unajua kuandika?"

"Jina langu, Bwana."

"Na kusikia?"

"Kusikia najua."

"Basi njoo kesho." Maharage niliyauza kwa haraka siku hiyo, bei ya kutupa, ila hiyo ni habari nyingine.

Daktari huyo tulimwita Bwana Mtafiti, kwa kuwa ndicho cheo chake. Alikuwa anajaribu dawa mpya ya safura. Ninyi vijana huenda hamuijui safura. Ni minyoo midogo inayoingilia kwenye nyayo za mtu anayelima pekupeku, inakwenda kukaa tumboni na kunyonya damu. Mtu anapauka, anahema kwa kupanda kilima kidogo, wengine wanatamani hata kula udongo. Dawa ya zamani ilikuwapo, ila ilimlaza mtu siku nzima kama mlevi. Ile mpya ilisemekana ni nyepesi. Sasa ukitaka kujua ipi bora, nusu ya watu unawapa ya zamani, nusu unawapa mpya, vidonge vimetengenezwa vifanane. Kila mtu ana namba yake, na kila namba ina bahasha iliyofungwa kwa lakiri, imefungiwa kwenye sanduku la chuma.

"Na wewe Bwana, unajua nani anakula ipi?" nilimuuliza.

"Sijui."

Nilishtuka. Daktari anatoa dawa na hajui ni dawa gani? Nikafikiri labda nimeingia kwa wale tuliokuwa tukiwaogopa utotoni, mumiani, wanyonya damu.

"Nikijua nitapendelea," akasema. "Nitamwona aliyekula mpya amepona hata kama hajapona."

Neno hilo nililitafuna wiki nzima.

Watu tuliwapata hivi. Balozi wa nyumba kumi anatangaza, anayetaka anakuja kwa miguu yake. Namweleza kwa Kiha kwamba dawa hii bado inajaribiwa, kwamba inaweza kumfaa au isimfae, kwamba akikataa atapewa ile ya zamani kama kawaida na hakuna wa kumnunia. Hata akishakunywa leo, kesho anaweza kusema basi. Kisha namuuliza maswali tisa. Akijibu ndiyo napiga vema, akijibu hapana napiga mkasi, maana kuandika ndiko huko nilikokuweza. Mwisho anachovya kidole gumba kwenye wino. Kuna mzee wa Munanila alikataa kunawa ule wino siku tatu, anautembeza kijijini kama cheti cha ndoa.

Swali la saba lilikuwa la wanawake: una mimba? Mwenye mimba haingii. Hilo halikuwa langu, aliuliza Bibi Muuguzi nyuma ya pazia, maana kwetu mimba haitajwi mpaka ijitaje yenyewe. Na Bwana Mtafiti alikuwa na sheria moja, aliirudia kila Jumatatu tukipakia landrova: "Usimjibie mtu. Hata jibu ukilijua, usimjibie."

Sasa tulipofika Kagerankanda, Bibi Muuguzi aliitwa aende Munanila, kuna mgonjwa wetu alizidiwa. Nikaambiwa niwaulize wanawake mwenyewe, siku hiyo moja. Niliuliza macho yakiwa mezani. Walinicheka. Mmoja akasema, "Unauliza ili uzae wewe?" Kazi ikaenda.

Namba arobaini na moja alikuwa mama mkwe wangu.

Hapa lazima nieleze. Kwetu Buha mkwe hatazamwi usoni. Nikikutana naye njiani naingia kwenye majani mpaka apite. Tukiwa na neno, linapitia kwa mtu wa tatu. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo alivyolelewa yeye. Pale mezani akakaa ubavu, kitenge amekivuta mpaka shavuni. Jirani yake, Mama Stefano, akawa anapokea maneno yangu na kumpa, ingawa tulikuwa hatua mbili na kila mtu anamsikia mwenzake. Je, anahema akipanda? Anahema. Je, amewahi kunywa dawa ya safura? Hajawahi. Tukafika la sita.

Na la saba likanikwama. Nimuulize mama wa mke wangu kama ana mimba? Hata kupitia kwa Mama Stefano, ni kama kumvua nguo. Halafu nikajipa sababu. Ana wajukuu wanne, wanangu mwenyewe. Mtu gani wa wajukuu ana mimba? Sikukumbuka kwamba mke wangu alikuwa mzaliwa wake wa kwanza, na kwamba alimzaa akiwa bado msichana mdogo.

Nikapiga mkasi. Hapana. Nikaruka kwenda la nane. Akachovya kidole, akanywa vidonge pale pale mbele yangu, mimi nikiangalia paa.

Baada ya wiki mbili tukarudi kuwapima. Bibi Muuguzi alikuwepo safari hii. Alikaa na mama mkwe nyuma ya pazia kwa muda, akatoka na karatasi yenye mkasi wangu.

"Nani alimuuliza huyu mama la saba?"

"Mimi," nikasema.

"Ana mimba," akasema. "Miezi minne."

Bwana Mtafiti hakuuliza la pili. Alikwenda kwenye sanduku la chuma, akatoa bahasha ya arobaini na moja, akavunja lakiri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona bahasha ikifunguliwa. Akasoma, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena.

"Amekula mpya," akasema.

"Inamfanya nini mtoto, Bwana?"

"Hakuna anayejua. Ndiyo maana tuliuliza."

Nikasema, basi nifukuze. Akasema hapana. "Ukiondoka, hofu hii nitamwachia nani? Utakuja hapa kila wiki, utamuuliza hali yake mwenyewe. Bila mtu wa tatu."

Nyumbani nilimweleza mke wangu, Yustina. Alikuwa anapepeta mtama. Ungo ukasimama hewani.

"Umempa mama yangu dawa isiyojulikana, kwa sababu ya aibu?"

"Kwa heshima," nikasema.

"Heshima ya nani?" Akafunga nguo zake na za watoto, akaenda kwa mama yake kukaa naye mpaka mama ajifungue.

Jumatano ya kwanza nikasimama nyuma ya nyumba ya mama mkwe, ukuta wa udongo kati yetu. Nilikohoa.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

Nilimsikia akisogeza chungu.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona aibu."

"Aibu ilikuwa yangu mimi, mkwe. Ningeibeba. Nilikaa pale nangoja uulize. Ulipoliruka nikafikiri halina maana, kwamba wenye dawa mnajua mnachofanya."

Sikujua kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa kukuamini.

"Sasa niulize," akasema.

"Mama?"

"Niulize kama ulivyowauliza wengine."

Nilishika ukuta kwa mikono miwili. "Mama, una mimba?"

"Ninayo. Na jana imecheza."

Nilikwenda kila Jumatano, miezi mitano. Kila nilipokaribia uzio nilitega sikio kama kuna kilio. Siku alipojifungua niliketi nje kwenye jiwe, sikumbuki kama mvua ilinyesha, wanasema ilinyesha sana. Yustina akatoka, mikono bado ina maji.

"Msichana. Vidole kumi, na vya miguu kumi. Analia vizuri."

Nikakimbilia kwenye kambi yetu ya kazi kumwambia Bwana Mtafiti, nikidhani atanipongeza. Alivua miwani.

"Umebahatika," akasema. "Usije siku moja ukadhani hukukosea."

Mama mkwe alimwita mtoto Mbaza. Kwa Kiha ni kumwambia mtu, niulize. Tuliendelea kupishana njiani mimi nikiingia kwenye majani, ila ukutani tuliongea mpaka alipokufa. Mimi nikapelekwa Kibondo chini ya Bwana Maabara, mtu mkali asiyependa harufu, akaniacha na vikopo vyote. Nikafanya kazi hiyo mpaka nilipostaafu. Niliuliza masheikh, mapadri, wazee wa baraza, wakwe wa watu. Sikuruka.

Mwaka jana alikuja binti mmoja na kishikwambi, wanatafuta wazee wenye presha wajaribu dawa mpya. Nikajitolea. Safari hii kiti kilikuwa cha mgonjwa. Aliuliza vizuri, kwa upole, babu hivi, babu vile, kisha nikaona kidole chake kimepita sehemu haraka.

"Binti, umeruka moja."

"Ni la faragha kidogo, babu. Nimeona si heshima kukuuliza."

"Umejaza nini?"

"Nimejaza hapana."

Nikauona mkasi wangu wa Kagerankanda. Nilimwomba maji, nikanywa. Kisha nikamwambia afute.

"Niulize," nikasema.

Akainamisha kichwa. "Babu, huwa mkojo unakutoka bila kujua?"

Jirani zangu wawili walikuwa kwenye benchi, na mkwe wangu mmoja, wote wametega masikio.

"Ndiyo," nikasema.