Nilichungulia Mdomo wa Mwana wa Watu

Nilikosa mimi. Si shetani wala hasidi, ni mimi na huu mdomo wangu ambao ungefaa kushonwa kwa uzi wa gunia!

Marehemu kaka yangu aliniachia mwanawe, nikamlea kama wangu. Akaja kumposa msichana wa Ndia Kuu, nitamwita Salma. Ukweli ni kwamba sikumtaka. Nilishamchagulia binti wa shoga yangu.

Siku ya kumvisha pete nilikwenda na manukato mwilini na kinyongo moyoni. Ada ikataka nimlishe halwa. Salma akafungua mdomo, nikaona ndani ya mdomo wa juu vipele vidogo vya manjano, kama chembe za suji. Moyo wangu ukafurahi, wallahi! Nilikuwa natafuta kasoro, nimeipata.

Nikamwambia kijana, "Yule ana maradhi ya zinaa. Nimeyaona kwa mato yangu haya!"

"Shangazi, una hakika?"

"Wanifundisha mimi maradhi?"

Bingwa wa tiba, niliyeishia darasa la saba! Chuo changu kikuu kilikuwa picha za kwenye simu nilizotumiwa na mashoga zangu, na hao nao ni mabingwa vilevile. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Aulizwe daktari." Posa ikavunjwa. Mtaa mzima ukajua sababu kabla ya mamake Salma. Msichana akajifungia ndani miezi, mwisho akaolewa Malindi, mbali na sisi.

Mwaka haukwisha, jino likanipeleka kwa daktari wa meno. Akanipa kioo nilione lilivyooza. Nikaona vipele! Vilevile, tena vingi kuliko vya Salma!

"Ya Rabbi, nimeambukizwa!"

Daktari akacheka. "Hivi ni vijitezi vya mafuta tu, mamangu. Watu wazima wengi wanavyo na hawajui. Si ugonjwa, haviambukizi, wala havitaki dawa. Hata mimi ninavyo."

Akageuza mdomo wake akanionyesha. Nilitamani kiti kile kinimeze.

Nilikwenda moja kwa moja Shimanzi, anakofanya kazi kijana wangu, nikamweleza yote huku nalia. Hakunifokea. Aliuvuta mdomo wake kwa kidole.

"Hata mimi ninavyo, Shangazi, tangu nilipobaleghe. Nilidhani ndivyo midomo ilivyo. Umenilea miaka ishirini, hukuviona. Vya Salma uliviona kwa tonge moja la halwa."

Akarudi kazini. Zamani kila Ijumaa alikula pilau kwangu. Sasa sahani yake naifunika, jioni naifunua mwenyewe.

Enyi mashoga mnaotibu watu kwa kuwatazama, shikeni adabu kabla hamjashikishwa! Ukiona kipele kwa mwenzio, aulizwe daktari, wewe nyamaza. Na kabla hujafungua mdomo kumsema, kaufungue kwanza mbele ya kioo.