Msimu Mama Alipoomba Moto kwa Maduhu

Pamba mbichi ina harufu yake. Watu wa mjini hudhani pamba hainuki, kwa sababu wanaijua ile ya dukani, nyeupe, iliyofungwa kwenye karatasi. Sisi tuliozaliwa upande wa Kasoli tunajua kwamba pamba iliyotoka shambani hunuka vumbi, majani makavu na mafuta ya mbegu, na ikikaa ndani siku nyingi huanza kutoa joto kama mnyama aliyelala. Mwaka nilipokuwa darasa la nne, pamba ilikaa nyumbani kwetu mpaka harufu yake ikaingia kwenye uji. Ilijaa chumba cha wazazi, ikajaa sebule, ikapanda ukuta mpaka karibu na paa. Mimi na wadogo zangu tulilala juu yake, na asubuhi tulikwenda shule na nyuzi nyeupe kichwani, tukichekana kwamba tumeota mvi. Hatukuwa peke yetu. Kijiji kizima kililala na pamba yake msimu ule, na kila mtu alijua ni kwa sababu ya nani.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Kabla ya hapo pamba yote ilikwenda kwenye ghala la chama cha msingi, na karani wa chama alikuwa mtu wetu, wa kutaniana naye. Malipo yalichelewa mpaka watu wakayasahau, lakini pamba ilipokelewa. Ukiinyunyizia maji kidogo usiku wa kuamkia mauzo ili gunia liwe zito, karani alikunja uso, akapokea, maisha yakaendelea. Nadhani wale ambao hawajawahi kuinyunyizia maji pamba yao pale kijijini wangeenea kwenye benchi moja la kanisa, na nafasi ingebaki. Kisha chama kikalegea, ghala likafungwa, tukaambiwa kwamba sasa ni ruksa: wanunuzi watakuja na malori yao mpaka kijijini, na fedha taslimu mkononi. Baba yangu, mtu asiyecheka ovyo, alipiga mluzi wiki nzima. Alikwisha kumwahidi mama nyumba ya mabati, na alikuwa amepima kwa macho mahali itakaposimama.

Lori la kwanza lilikuja asubuhi ya jua kali, na watu walipanga magunia yao kando ya barabara tangu jogoo wa kwanza. Mnunuzi hakuwa na utani. Alikunja mkono wa shati, akauzamisha ndani ya gunia mpaka kwapani, akautoa na kiganja cha pamba kutoka katikati, akakinusa, akakifikicha. Aliendelea hivyo gunia hadi gunia, mpaka akafika kwa Maduhu, jirani yetu, baba wa rafiki yangu Minza. Mkono ulipotoka kwenye gunia la Maduhu ulikuwa umejaa mchanga. La pili nalo lilikuwa na mchanga, na la tatu. Maduhu alikuwa amefikiri kwamba watu wa lori ni kama karani wa chama, wa kutazama juu juu. Mnunuzi alijipangusa mkono, akasema hanunui mchanga wa kijiji hiki, akapanda lori lake na kuelekea Nkoma. Samaki mmoja akioza wote wameoza, ndivyo tulivyojifunza siku ile, tukiwa tumesimama na magunia yetu kwenye vumbi la tairi zake. Habari ilisambaa, na kwa wiki nyingi hakuna lori lingine lililokata kona kuja kwetu.

Kijiji kikakaa kikao. Walioongoza walikuwa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, na mkuu wao aliyeitwa mtemi. Maduhu alikiri. Alisema alitaka kuongeza uzito kidogo, na kwamba shetani alimpitia, jambo ambalo lilizidi kuwaudhi watu. Akatozwa dume moja la ng'ombe, liliwe na kijiji kizima, maana hivyo ndivyo kosa linavyosafishwa kwetu: watu wanakula pamoja, wanapangusa midomo, yanaisha. Lakini Maduhu hakuwa na dume. Ng'ombe wake wawili walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wakati wa masika. Basi ikaamuliwa kwamba mpaka atakapolipa, nyumba yake imetengwa. Asisalimiwe mtu wa mle ndani. Wasichote maji pamoja na wengine. Wasipewe chumvi, wasipewe moto, na wakifiwa wajizikie wenyewe. Atakayewapa kitu atatozwa dume kama wao. Baba aliunyoosha mkono wake kukubali, na ulikuwa miongoni mwa mikono ya kwanza.

Ambaye hajaishi Usukumani anaweza kudhani kunyimwa salamu ni jambo dogo. Kwetu salamu ni safari. Unauliza habari za mtu, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na yeye anakuuliza vilevile, na mkimaliza kila mmoja anajua kwamba mwenzake yu hai na anamhesabu kuwa mtu. Nilimwona mama yake Minza kisimani, amesimama mbali na ndoo yake, akingoja wanawake wote waondoke. Walipita karibu naye wakizungumza, macho yao yakimpita kama wanavyopita kichuguu. Shuleni Minza alikaa peke yake kwenye dawati la watu watatu. Siku moja aliniambia, bila kunitazama, kwamba baba yake anasema watahama. Watakwenda Rukwa, ambako Wasukuma wengine walikwishahamia na ng'ombe wao, ingawa wao hawakuwa na hata ng'ombe wa kuswaga. Mama yake alikuwa mjamzito, mzigo umekaribia. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, nikalia.

Mama alikuwa kiongozi wa wanawake katika kanisa letu dogo la udongo. Hakuwa msemaji. Alisoma Biblia polepole, kidole kikifuata mstari, na sala zake zilikuwa fupi kiasi kwamba wengine walikuwa bado wanafumba macho yeye akisema amina. Jumapili iliyofuata mwinjilisti alifundisha juu ya jirani, akafundisha vizuri, watu wakaitikia kwa sauti. Watu wa nyumba ya Maduhu walikuwa wamekaa benchi la nyuma, peke yao, na benchi lililo mbele yao lilikuwa tupu. Ibada ilipokwisha tulipanga mstari mlangoni kupeana mikono kama kawaida yetu. Wale wa benchi la nyuma walipofika, mstari ukakatika wenyewe. Kila mtu akawa na mtoto wa kumfunga kanga au kiatu cha kukitazama. Mama naye aliinama kutazama kiatu. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea ameinamisha kichwa, na nilipomuuliza kama anaumwa alinijibu kwamba ndiyo.

Kesho yake niliamka mapema kuliko wadogo zangu, nikamkuta mama jikoni. Tulikuwa tumelihamishia jiko nje, chini ya kibanda, kwa kuogopa cheche na ile pamba yote. Kila jioni alifukia makaa kwenye majivu, na asubuhi aliyafukua, akapuliza, akaongeza vijiti vya mabua ya pamba. Viberiti vilikuwepo, lakini kilichokuwa kwetu kilikaa juu ya dari kwa ajili ya taa, na moto wa jiko ukizimika mtu alikwenda kwa jirani na kigae cha chungu cha kubebea makaa. Asubuhi ile mama aliyafukua makaa, yakiwa bado mekundu, akachukua kata ya maji akayamwagia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Moto wetu umezimika. Lete kigae."

Tukaenda kwa Maduhu, mchana kweupe, kwa njia kubwa. Mama yake Minza alikuwa uani akifagia. Alipotuona alishika ufagio kwa mikono miwili.

"Mwangaluka, mayu," mama akasema. Umeamkaje, mama.

Yule mama hakujibu upesi. Sijui kama alikuwa amesahau namna ya kujibu, au alikuwa akitazama kama kuna watu nyuma yetu. Mwishowe alisema, "Mwangaluka."

"Watoto wameamka salama?"

"Salama. Na wewe wa kwako?"

"Salama. Moto wangu umezimika. Nimekuja kuomba."

Moto wa nyumba ile haukuzimika kamwe wakati ule. Ungezimikaje, wakati hapakuwa na mlango wa kuuomba? Mama yake Minza alikuwa akiulinda kwa gogo la mgunga lililowaka taratibu usiku na mchana. Alichagua makaa makubwa, akayapanga kwenye kigae chetu, akaongeza mengine juu, kisha mengine tena, mpaka mama akasema yametosha. Uso wa mama yake Minza ulikuwa umechangamka. Wakati tunarudi nilimuuliza mama kwa nini hakumpelekea unga au chumvi, maana nilijua hawana. Akasema kwamba unga utafika, lakini mtu ukianza kwa kumpa unamfanya ombaomba, na ukianza kwa kumwomba unamfanya jirani. Nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile, mengine ya watu waliosoma ng'ambo. Hakuna hata moja lililonikaa kama maneno yale.

Baba alipojua moto umetoka wapi, aliusukuma ugali pembeni. Alisema hawezi kula kilichoivishwa na moto wa mtu aliyemnyima mabati. Akaondoka kwenda shamba na tumbo tupu, akarudi jioni, akakuta ugali uleule umepashwa kwa moto uleule. Alikaa akiutazama muda mrefu. Kisha akanawa mikono akala. Asubuhi mama akamwagia makaa maji tena, tukaenda tena. Asubuhi nyingine tena. Watu walituona, na kwetu habari haihitaji baiskeli.

Tukaitwa kwenye kikao. Mama alisimama katikati ya wanaume, kanga imefungwa vizuri kifuani, akaulizwa kama amewapa moto watu waliotengwa. "Sikuwapa," akasema. "Niliwaomba." Baadhi ya watu walicheka. Mtemi hakucheka. Alikuwa mzee wa haki kwa namna yake, na pamba yake mwenyewe ilikuwa ndani inaliwa na panya. "Mayu," akamwambia, "kuomba na kupewa ni mlango mmoja. Umesalimia, umeingia uani, umebeba moto. Unajua adhabu." Mama akasema anajua. Akaulizwa kama ataacha. Akasema hapana, kwa sauti ileile ya kusema amina.

Wote wakamgeukia baba. Tulikuwa na madume mawili tu, ya kukokotea plau, na dume moja peke yake halilimi. Nilikuwa nimekaa na wanawake pembeni, na ninakumbuka nilivyoogopa kwamba atamkana mama mbele ya watu, maana wanaume wengine walikwishafanya hivyo kwa makosa madogo zaidi. Baba alisimama akakung'uta vumbi kwenye suruali. Alisema dume litatoka. Lakini akasema yeye anamjua mke wake. Kesho atakwenda tena kwa Maduhu, na keshokutwa, na madume yatakwisha, na plau atakokota yeye baba mwenyewe. "Kwa hiyo dume hili lihesabiwe la Maduhu," akasema. "Mlimtaka dume. Hili hapa. Akishasafishwa, mke wangu hana kosa la kwenda kwake, na mimi nitapumzika. Na wakati wa kula, Maduhu aitwe, ale, nimwone kwa macho yangu anakula."

Wazee walinong'onezana kwa muda. Mmoja alisema haijawahi kutokea. Mwingine akajibu kwamba hata pamba kulala ndani haikuwahi kutokea. Mwishowe mtemi akauliza kama kuna anayepinga, na nadhani njaa ya nyama ilisaidia kazi ya Mungu, kwa sababu hakuna aliyepinga. Dume likachinjwa Jumamosi. Maduhu aliletwa, akakalishwa kwenye duara la wanaume, karibu na baba, akapewa pande la nyama mkononi. Akalitafuna mbele ya wote. Baba hakumtazama kwa upole. Alimsogezea bakuli la chumvi, basi. Wanawake nao walikwisha kumzunguka mama yake Minza wakimuuliza habari za mzigo wake, wote kwa pamoja, kama watu waliokuwa wamebanwa na maneno.

Hawakuhama. Mtoto alizaliwa mikononi mwa mama yangu na wanawake wengine wawili, wa kiume, na leo ana watoto wake. Sitaki kusema kwamba mambo yote yalinyooka. Lori lingine lilikuja mwishoni mwa msimu, likachukua pamba yetu kama fifi, yaani ile chafu ya daraja la chini, kwa bei ya kusikitisha. Mwaka uliofuata tulichelewa kulima kwa kukosa dume la pili, ingawa Maduhu alikuja kila alfajiri na jembe la mkono, akaanzia upande wa pili wa shamba, mbali na baba. Mabati mama aliyapata mimi nikiwa tayari nimeolewa.

Sasa ninaishi Bariadi mjini. Nyumba yangu ina gesi na umeme, na sina haja ya kugonga mlango wa mtu asubuhi. Kanisa letu ni kubwa, lina vipaza sauti, na akina mama tuna kundi letu la simu ambalo tunatakiana baraka kabla jua halijachomoza. Aliyetukosea hatumtengi kwa kikao. Tunamwondoa tu kwenye kundi, kimya kimya, na hakuna dume linaloweza kumrudisha, kwa kuwa hakuna aliyetamka kosa lake. Mara kwa mara nafikiri wazee wa sungusungu, pamoja na ukali wao, walikuwa na afadhali: mlango walioufunga walijua pia unavyofunguliwa.

Baba amekwisha kufariki. Mama bado yupo, macho yamefifia, na nikimtembelea tunakaa uani tunachambua kunde. Mwaka jana nilimuuliza jambo ambalo nililibeba tangu utotoni. Nilimuuliza alifanyaje kumsamehe Maduhu upesi namna ile, wakati pamba yetu ilikuwa bado ndani. Akashangaa.

"Nani kakwambia nilimsamehe upesi?" akasema. "Nilimkasirikia kila asubuhi. Nilikwenda na hasira, nikarudi na hasira na moto. Ningengoja iishe ndipo niende, mdogo wake Minza angezaliwa huko Rukwa."

Akaendelea kuchambua kunde. Mimi nilikuwa nimeacha. Nilikuwa nikifikiria nyumba mbili za mtaani kwangu, ambazo watu wake wananifahamu kwa jina, na ambazo nimekuwa nikingoja hasira yangu iishe ndipo nifike.