Saa Tano Zenye Kupotea ku Bahari

Ba ndugu, minasema wazi: ile siku nilipata haya mbele ya biro nzima, na kosa ilikuwa yangu miye mwenyewe, Régine.

Nilikuwa ku mwisho wa essai yangu, ile miezi ya kujaribiwa kazi, mu biro moja ya Lubumbashi yenye kutuma shaba ku Chine (essai ikipita muzuri banakupa contrat, ikikosa unarudia kwa mama). Kazi yangu ilikuwa kusoma ripoti yenye kapiteni anatuma kila siku midi, saa sita ya muchana, na kuangalia kama meli tuliyokodi inatembea maili kumi na mbili kwa saa na inakula mafuta vile tulipatana. (Bahari yenyewe sijaionaka.)

Basi nikakuta siku tano meli iko pole: kila siku maili 276, nikagawanya na 24, inatoka kumi na moja na nusu, na mafuta yenye inakula nayo imepunguka. Nikasema, huyu kapiteni anazimaka mashini saa moja nzima kila siku, analala! Papa Kasongo, muzee wa hii kazi, alikuwa pembeni, ningemuuliza neno moja tu, lakini nilitaka nionekane miye peke. Nikaandika barua kali, Directeur akafurahi, akaita biro yote, akamuweka kapiteni ku écran (muntu wa Tanga, mupole, mvi kichwa nzima), na miye nikasimama na rouge à lèvres yangu ku midomo:

— Kapiteni, ile saa tano ya siku tano ulipeleka wapi?

Akaangalia saa yake, akauliza:

— Mama, huko Lubumbashi saa yenu ni moja na ya Kinshasa?

— Hapana, shiye tuko mbele na saa moja.

— Basi na mimi naelekea mashariki, na siku hizo tano, kila siku nilisogeza saa mbele kwa saa moja. Siku kama hiyo, adhuhuri hadi adhuhuri, ni saa ishirini na tatu. Gawanya tena.

Nikagawanya mbele ya bantu. Kumi na mbili, juste! Eh maman! Miye mwenye kugombana kila siku na wifi yangu wa Kinshasa juu anapiga simu saa mbaya! Papa Kasongo alicheka mpaka akatoa miwani. Directeur hakucheka.

— Andika barua ingine ya kuomba pardon, Maman Régine, na uisome hapa hapa.

Nikaisoma, nikijua contrat imeenda. Kapiteni akasikiliza mpaka mwisho, akamwambia Directeur:

— Huyu msimwache. Miaka yote natuma ripoti, ndiye wa kwanza kuzisoma.

Contrat nilisaini. Na tangu pale, kabla ya kushitaki muntu, namuuliza kwanza, hata kama niko na hakika kabisa. Lakini kapiteni hajasahau: kila ripoti yake sasa inaisha na "Salamu kwa Mama Régine, saa zote zipo", na Papa Kasongo ndiye anaisomaka kwa sauti.